Nguo Ndani, Nguo Nje

Wewe uliyekaa kwenye benchi la nje umelishikilia tumbo kwa mikono miwili, sogea kidogo na mimi nikae. Nimekaa hapo misimu mingi. Najua ubao huo unavyouma, na najua mlango wa daktari unavyofunguka ukadhani ni zamu yako, kumbe anatoka mtu kumwaga maji. Swali linalokuzunguka kichwani nalijua pia: eti ni kweli watanishonea kitambaa ndani ya mwili, nikabaki mtu? Ni kweli. Mimi ninacho. Kiko hapa chini ya kitovu wakati huu ninapoandika, na hata nikiinama kupalilia maharage sikisikii. Mambo ya udaktari siyajui na sitajifanya nayajua. Nitakueleza tu nilikopita.

Naitwa Perusi, wa Kirushya, wilaya ya Ngara. Mtoto wangu Editha alizaliwa mwaka ule tulipohamia kijiji cha ujamaa. Tulikuwa tumeiacha migomba ya zamani kule mteremkoni, tukapimiwa viwanja vilivyonyooka kando ya barabara, na migomba mipya ilikuwa haijanifika hata magotini. Uchungu ulinishika siku ya mvua kubwa, mtoto amekaa vibaya, na mume wangu Filemoni na majirani wakanibeba kwa machela mpaka hospitali ya wilaya. Nikapasuliwa. Mtoto akatoka analia kwa hasira, na hasira hiyo anayo mpaka leo. Namshukuru Mungu kwa hasira hiyo.

Kilichokataa ni kidonda. Kilitunga usaha, kikakauka, kikatunga tena, na mwishowe ngozi ikafunga juu wakati chini yake nyama zimeachana. Nilikuja kulijua hilo msimu wa kupanda maharage. Niliinua jembe, nikasikia kitu kinaachia ndani, bila maumivu, kama fundo linapolegea. Nilipofunua nguo nikakuta kijivimbe laini. Kufikia mavuno kilikuwa kikubwa kama papai. Nikilala kinarudi ndani, nikisimama kinatoka. Nikishiba, naiona ngozi inatembea, na ni matumbo yangu mwenyewe yanapita pale chini. Hospitali wanaiita ngiri. Watu wa njiani waliniuliza nitajifungua lini, na nilipochoka kueleza nikawa najibu, "Mwezi ujao, Mungu akipenda." Mwezi ujao wananiuliza tena.

Kuumwa kwenyewe ningekuvumilia. Kilichonishinda ni mbeleko. Kwetu mtoto hawekwi chini amwangalie mama yake anavyopita. Anapanda mgongoni na mama, anakwenda kisimani na mama, anasinzia jembe likiwa kazini. Na mbeleko hufungwa mbele, ikapita juu ya tumbo, uzito wote wa mtoto ukavuta hapo. Siku niliyojaribu kumbeba Editha, uvimbe ulitoka ukawa mgumu, ukabadilika rangi, nikatapika mpaka nikaona giza. Nilipofikishwa hospitali ya misheni, daktari alinilaza na kuurudisha ndani kwa mikono yake, taratibu, jasho linamtoka. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka:

"Mama, ukimbeba tena mtoto huyu, utumbo utanaswa, na utakufa. Usimbebe."

Basi akambeba mama mkwe wangu, Leokadia. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye nguvu kuliko mimi na mwanawe tukijumlishwa, na Editha akakulia mgongoni kwake. Alipoanza kusema, alimwita yeye Mama. Mimi aliniita Perusi, kwa sababu ndivyo alivyosikia bibi yake akiniita. Majirani walicheka, nami nikacheka nao, halafu nikaingia ndani kulia. Sisemi kwamba mama mkwe alimfundisha. Ila hakumsahihisha.

Kulikuwa na maneno pia. Kwenye shamba la kijiji balozi wetu wa nyumba kumi alinisamehe kazi ya jembe, akaniweka kuchambua mbegu na wazee, na wapo waliosema kwamba mimi nimepata ujamaa wa kukaa. Mama mkwe yeye hakusema kwa watu. Alisema jikoni, anakoleza moto, bila kunitazama: "Mwanangu ameoa mwanamke wa kutunzwa." Filemoni aliposikia alitoka nje kwenda kukagua migomba. Mwanamume wa watu, migomba ile ilikaguliwa miaka hiyo kuliko migomba yote ya Ngara.

Daktari alijaribu kunishona mara moja. Nikapona vizuri, nikarudi nyumbani, nikashikwa na kikohozi cha kiangazi, na papai likarudi mahali pake. Nilirejea hospitali nimekata tamaa kabisa. Hospitali hiyo ya misheni ilikuwa upande wa Biharamulo, safari ya siku nzima kwa lori, na pale kwenye kizuizi cha msituni lazima mshuke wote ili mtu mwenye wavu alizunguke lori akikamata mbung'o. Nilikuwa nakaa chini ya mti nikimtazama, nikimwonea wivu mtu ambaye shida yake inakamatika kwa wavu.

Siku hiyo ndipo daktari alipofungua droo akatoa kijipande cheupe, kidogo kama stempu, akaniwekea kiganjani.

"Nyama yako haishiki uzi tena," alisema. "Nikiivuta, uzi unaikata kama ndizi iliyoiva. Kwa hiyo sitaivuta. Nitaziba pengo kwa kitambaa kama hiki."

Nilikitazama kwa muda mrefu. Mimi ni msukaji. Vikapu vya kwetu tunavisuka kwa nyasi nyembamba mpaka vinashika maji, na mkono wangu haugusi kitu kilichosukwa bila kukiuliza kimesukwaje. Kile kilikuwa wavu mdogo sana, laini, matundu yake yanaonekana ukikielekeza dirishani. Nilikivuta huku na huku, kikanyumbuka na kurudi. Nikaukwangua ukingo uliokatwa kwa mkasi, nikingoja uzi ufumuke. Haukufumuka. Kila kitanzi kilikuwa kimemshika mwenzake, na ukimkata mmoja wengine hawana habari. Mwili ulinisisimka. Nikamuuliza ni pamba ya wapi.

"Si pamba. Pamba ingeoza ndani yako. Uzi huu haukutoka shambani wala kwa mnyama. Umetengenezwa kiwandani kutokana na mafuta, haya yanayochimbwa chini ya ardhi."

"Na utakaa ndani mpaka lini?"

"Mpaka uzeeke," alisema, "na baada ya hapo."

Hakuwa na kipande kikubwa. Alisema ataagiza kwao, kitakuja kwa meli kisha kwa barabara, nami nisubiri. Nikarudi nyumbani nimejaa kicho na furaha, nikayaeleza jikoni yote hayo, na mama mkwe akaweka mwiko chini.

"Mawe we!" alisema. "Nguo ndani ya mtu?"

"Ni kitambaa kidogo, mama."

"Nguo huingia ardhini na maiti. Haiingii ndani ya mtu anayepumua. Atakayekuvika ndani amekwisha kukuzika." Akamgeukia Filemoni. "Umesikia lakini? Wanamvika sanda kabla ya siku yake, na wewe unakagua migomba."

Sikumdharau kwa maneno hayo, na wewe usimdharau. Mama yake mzazi alizikwa katika mkeka, mwaka wa njaa, kwa kukosa nguo, na jambo hilo lilimuuma maisha yake yote. Ndiyo maana yeye mwenyewe alikuwa amejiwekea nguo ya marekani, nyeupe, mpya, imekunjwa katika sanduku la bati pamoja na majani makavu ya kufukuza wadudu. Sote tulijua iko pale, na kazi yake tuliijua. Kila baada ya masika aliianika kidogo juani, akaikunja upya, akaifungia. Kwake yeye nguo nyeupe na kaburi vilikuwa kitu kimoja.

Nikasubiri. Vuli ikaja, na vita ikaja nayo. Mapigano yalikuwa kaskazini, mbali nasi, lakini barabara ya Biharamulo ilijaa magari ya jeshi usiku na mchana, na malori ya raia yakachukuliwa kwenda kubeba askari na chakula. Vijana wa kijiji wakaenda. Sisi tuliobaki tulikusanya ndizi na maharage kwa ajili yao, mimi nikiwa nimekaa na wazee wangu nachambua. Kila nilipouliza habari za kitambaa niliambiwa kimefika pwani, au kimefika Mwanza, au hakuna gari. Niliona aibu kuuliza. Nchi nzima ilikuwa na jeraha, nami nauliza kiraka changu.

Na duka la kijiji likawa rafu tupu. Sabuni ikaadimika, chumvi ikawa ya bahati, na nguo ndiyo usiseme. Khanga ilihitaji kibali cha mwenyekiti, na mwenyekiti mwenyewe alikuwa na kiraka makalioni. Masika ikapita. Redio ikasema tumeshinda, watu wakacheza barabarani, nami nikacheza kwa mikono tu, miguu na tumbo nimevituliza. Askari walipoanza kurudi, mmoja wao alileta ujumbe wa mdomo kutoka hospitali: kitambaa cha mama wa Kirushya kimefika, aje.

Tulikwenda mimi na Filemoni. Mama mkwe alibaki na Editha. Hakuniaga. Alikuwa ananyonyoa kuku, akaendelea kunyonyoa.

Kitanda changu kilikuwa karibu na cha Mama Shija, Msukuma mlima pamba wa Nyantakara, aliyehamia huko na mumewe na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Alikuwa amevunjika mguu. Alipousikia ugonjwa wangu akasema, "Mayu, mama yangu, si wangeniambia! Ninayo pamba ya kukuziba wewe na wodi nzima." Nikamweleza kwamba si pamba, uzi wenyewe umetokana na mafuta. Akanitazama kwa mashaka. "Malori yamelala kwa kukosa mafuta," alisema, "wewe unawekewa yako tumboni?" Nilicheka mpaka nikalishika papai.

Muuguzi wetu aliitwa Agripina. Siku tuliyofika alimweleza Filemoni vitu vya kuleta, maana wakati ule hospitali ilikupa daktari na dawa, mengine yote yalikuwa juu ya ndugu: shuka, blanketi, sufuria, kuni, mafuta ya taa, chakula. Vita ilikuwa imemaliza hata bendeji. Kwa hiyo akasema, "Na mtafute nguo safi kabla ya upasuaji. Bila nguo hatuanzi." Alimaanisha matambara ya kufungia kidonda. Filemoni akarudi kijijini kuyatafuta, na hakupata hata moja, kwa sababu matambara ya Kirushya yote yalikuwa yamevaliwa na wenyewe. Jioni ile alimwambia mama yake: hospitali wanataka nguo, na nguo sina.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Mengine yote ndugu wanaleta, hata chumvi ya mchuzi. Angewazaje kwamba nguo ya kuwekwa ndani ya mgonjwa italetwa na mtu mwingine?

Asubuhi ya upasuaji nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha magurudumu, nimekaushwa mdomo, nimevaa gauni la kijani lililofunguka mgongoni. Filemoni alikuwa hajarudi, bado anatafuta matambara vijiji vya jirani. Agripina alikuwa anamwambia daktari kwamba itabidi wakate shuka la wodi. Ndipo nikamsikia Editha. Ile hasira yake huwezi kuikosea. Nikageuza kichwa na kumwona mama mkwe anaingia barazani, vumbi la barabara limempaka mpaka kope, mtoto mgongoni, na mkononi kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Alikuwa amepanda gari la jeshi lililokuwa linarudi. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alijitokeza barabarani akasimama katikati.

"Shikamoo, mama," Agripina alisema.

"Marahaba. Dakitari yuko wapi?"

Daktari alikuwa mbele yake. Mama mkwe alipiga goti moja, mtoto akiwa bado mgongoni, akafungua kamba na kunyoosha mikono miwili. Ilikuwa marekani yake. Nyeupe, mikunjo yake imekaa kama ya siku ya kwanza, inanukia yale majani. Kisha akasema kwa Kihangaza, na Agripina akafasiri, lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa kabla hajafasiri na machozi yalikuwa yananiingia masikioni.

"Mwambie: kama hapana budi awekewe nguo, awekewe hii. Ya kwake siijui ilikotoka. Hii naijua. Nimejiwekea mwenyewe kwa siku yangu. Kama kifo kinafuata nguo ya ndani, kikija kitakuta hii ni ya Leokadia, si ya Perusi, na kitaniuliza mimi."

Mama mkwe alikuwa hajanitazama bado. Miaka yote ile nilidhani mwanamke huyu anangoja nife ili mwanawe aoe mwenye tumbo zima. Nilitamani kuinuka nimshike miguu, na mwili haukuniruhusu.

Daktari angeweza kucheka. Wapo ambao wangecheka. Yeye alifuta mikono kwenye aproni, akachutama mpaka macho yake yakawa sawa na ya mama mkwe, akaipokea marekani kwa mikono miwili kama alivyopewa. Aliipapasa. Akamwambia Agripina amfasirie vizuri, asiruke neno.

"Mama, nguo ya ndani ninayo, imekuja kutoka mbali. Hii yako ingeoza ndani yake, ikamdhuru. Lakini nikishamaliza, tumbo lake litahitaji kufungwa kwa nje, atakaposimama na atakapokohoa, mpaka mwakani. Nguo ya nje sina. Nilikuwa naiwaza tangu jana. Utaniruhusu niifunge hii?"

Mama mkwe alifikiri. "Mtaikata?"

"Hatutaikata. Tutaikunja tu."

"Basi mfunge," alisema. Akainuka, akaja kwenye kitanda changu, akanifunika miguu iliyokuwa wazi. "Na wewe usinitie aibu," aliniambia. "Nimesimamisha gari la jeshi."

Hayo ndiyo maneno niliyoingia nayo chumba cha upasuaji.

Nilipozinduka nilikuwa nimebanwa tumbo lote na kitu kinachonukia majani makavu. Maumivu yalikuwepo, sikudanganyi. Ukikohoa unadhani unapasuliwa upya, kwa hiyo shika mto, ukumbatie, halafu ndipo ukohoe. Ukicheka ni vivyo hivyo, na mwombe Mungu usilazwe karibu na Mama Shija. Kila asubuhi Agripina alipita akiuliza kama nimepitisha upepo, na kila asubuhi wodi nzima ilinyamaza kusikiliza jibu langu. Siku ulipopita, Mama Shija alipiga vigelegele. Sijawahi kushangiliwa hivyo hata siku ya harusi yangu. Nikapewa uji.

Daktari alikuja siku moja na kikombe cha chuma, ndani yake kipo kipande kilichobaki baada ya kukata. Akanipa nikishike tena. "Kingine chote unacho," alisema.

"Umekishona chote?" nilimuuliza.

"Nimeshona pembeni tu. Kazi yenyewe utaifanya wewe. Nyama yako itaota, itapita katika kila tundu, itatokea upande wa pili. Mwakani hata nikifungua sitaweza kukitoa."

Akaenda zake kwa mgonjwa mwingine, kana kwamba ameniambia habari za mvua. Mimi nilibaki nimekodoa macho kwenye dari. Nimesuka vikapu tangu utotoni, na sijapata kusuka hata kimoja bila kukaa chini, kuloweka nyasi, kuumiza vidole. Na sasa nilikuwa nalala tu, nakunywa uji, nazungumza upuuzi na Mama Shija, huku ndani yangu panasukwa. Nani alikuwa anasuka? Mimi sikuwa najua hata pa kuanzia. Niliuweka mkono juu ya marekani nikaogopa kupumua kwa nguvu, nisije nikamsumbua msukaji. Nimesali maisha yangu yote, lakini siku ile ndipo nilipojisikia kweli kwamba niko mikononi mwa mtu.

Mama mkwe alibaki kuniuguza. Alipika nje kwenye mafiga pamoja na wauguzaji wengine, Editha mgongoni, na alasiri aliniogesha. Marekani alikuwa anaifungua yeye na kuifunga yeye. Agripina alijaribu mara moja, akaambiwa amelegeza. Siku nguo ilipofuliwa, mama mkwe alikaa chini ya kamba ya kuanikia akailinda mpaka ikakauka, maana wakati ule nguo nyeupe isiyo na mlinzi ilikuwa inaota miguu.

Hatukuzungumza mambo ya zamani. Mara moja tu, alipokuwa anakaza fundo, alisema, "Ngozi yako imeanza kurudi." Nilijibu, "Ndiyo, mama." Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote ya kupatana.

Tulirudi Kirushya kiangazi kikiwa kimekauka kabisa. Mwaka uliofuata nchi nzima iliambiwa ifunge mikanda, vita imekula akiba, na mwenyekiti alipolitangaza hilo mkutanoni watu wote walinigeukia mimi. "Perusi ametutangulia," alisema mmoja, na mkutano ukavunjika kwa kicheko. Nilikuwa nimefunga, kweli. Nilifunga vuli yote wakati wengine wanapanda, nikafunga mpaka maharage yakavunwa, nikafunga masika, kila asubuhi mama mkwe akiweka goti lake ubavuni kwangu na kuvuta. Niliogopa sana siku zile. Kila nikipiga chafya nilipeleka mkono chini kupapasa kama papai limerudi. Utaogopa na wewe. Hakuna dawa yake isipokuwa kuendelea kupapasa na kuendelea kukuta hakuna.

Kiangazi kilipofika tena nilikwenda kwa daktari, wote watatu tukiwa pamoja, mimi na mama mkwe na Editha. Daktari alinisimamisha, akaifungua marekani, akabonyeza.

"Kohoa."

Nikakohoa.

"Kohoa kwa nguvu, mama, usinionee huruma."

Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Vidole vyake vilitembea juu ya kovu, vikarudi, vikaenda pembeni, vikasimama. Alikuwa amefumba macho.

"Natafuta mwisho wa kitambaa," alisema. "Siupati. Sijui kinaishia wapi na wewe unaanzia wapi."

Mimi pia sijui. Mpaka leo huwa natafuta, nikioga, mahali uzi ule usiotoka shambani unapokuwa Perusi, na sipaoni. Kila nikitafuta nywele zinanisimama.

"Naweza kubeba?" nilimuuliza.

"Kubeba nini?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Editha alikuwa mlangoni anagombana na mbuzi. Alikuwa mkubwa. Wenziwe walikuwa wameshaacha mgongo zamani, wanatumwa kuchota maji kwa vibuyu. Daktari akamtazama, akanitazama, akaelewa.

"Mbebe," alisema. "Lakini usiende naye mbali."

Tulitoka nje. Nilikuwa nimeishika marekani mkononi, imekunjwa, tumbo langu wazi chini ya gauni kwa mara ya kwanza, jepesi mpaka linanitisha. Imevaliwa, imefuliwa, imelainika, weupe wake umeingia umanjano. Nikampa mama mkwe kwa mikono miwili.

"Mama, nguo yako. Asante."

Hakuipokea. Aliishika pembe moja, akaisugua kati ya vidole, akatikisa kichwa.

"Hiyo imeshazoea watu hai," alisema. "Nikifa mtanitafutia nyingine. Inama."

Niliinama. Alimnyanyua Editha, akamweka mgongoni kwangu, akapitisha marekani chini ya makalio yake, akaileta mbele, akaikaza juu ya tumbo langu pale pale alipoikaza mwaka mzima, na akafunga. Nilisimama polepole. Nilingoja kitu kiachie. Uzito wote wa mwanangu ulikuwa umening'inia hapo, miguu yake mirefu inanigonga magotini, pumzi yake ya moto shingoni, na ndani hakuna kilichosogea. Kilichosokotana kilishika.

Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Editha alijisogeza huku na huku, anapima mgongo mgeni. Kisha akanipiga bega kwa kiganja, kama mwenye gari.

"Perusi," alisema, "kimbia."

Sikukimbia, daktari hajaruhusu. Ila nilitembea haraka.